BA na ajaili: kozi ina kazi yake, ila tunampeleka mtu mmoja tu

Kampuni ikiamua kuhamia ajaili, yaani kutengeneza programu kwa vipande vidogovidogo na kurekebisha njiani, hoja mbili huwa zinagongana mapema sana. Moja inasema wachambuzi wa biashara, yaani hawa tunaowaita BA, wapelekwe kozi wote, wapate cheti, warudi waingie kwenye sprinti, vile vipindi vifupi vya kazi. Nyingine inasema hela hiyo ni ya kutupa, ajaili haina kiti cha BA, basi awe prodakti ona, yule mwenye uamuzi wa nini kitengenezwe, au testa, au aangalie ustaarabu mwingine. Mimi naona kila upande una cha kushika, ila wote wanamwangalia BA kana kwamba ndiye pekee anayebadilisha kazi.

Tuanze na wanaosema BA hana nafasi, maana hawa wanadharauliwa bure. Chukua mwongozo wa Scrum, mmoja wa mitindo ya ajaili, ule wa mwaka 2020, utakuta majukumu matatu tu: prodakti ona, skramu masta anayesimamia utaratibu, na madivelopa, yaani watengenezaji. BA hatajwi. Rudi nyuma zaidi kwenye ile ilani ya ajaili ya Februari 2001, waliyoandika watu 17 kule Snowbird, Utah, kwenye kanuni zake 12 kuna moja inasema watu wa biashara na madivelopa wafanye kazi pamoja kila siku. Kila siku, sio kupitia mtu wa kati. Na hofu yao ina msingi kabisa, kwa sababu kwenye mtindo wa zamani BA wengi waligeuka matarishi: anasikiliza idara ya fedha, anaandika, anapeleka kwa madivelopa, divelopa akiwa na swali linarudi njia ileile na jibu linafika wiki ijayo likiwa limepungua nusu ya maana. Mtu kama huyo ukimpa cheti cha ajaili umemwongezea tu jina, tatizo liko palepale.

Ila hapo ndipo hoja yao inapoanza kuchechemea. Prodakti ona ni mtu mmoja, mwongozo wenyewe unasema sio kamati, na kwenye kampuni nyingi huyo mtu mmoja yuko vikaoni asubuhi hadi jioni, anagombania bajeti, anatuliza wakubwa. Sasa nani anakaa kuchimba sheria za biashara? Nani anagundua kwamba idara mbili zikisema "mteja hai" kila moja ina maana yake? Kazi ya uchambuzi haifi eti kwa sababu cheo kimefutwa, inahamia kwa divelopa ambaye ataikisia saa nne usiku. Halafu watu wanasoma ule mwongozo nusunusu, kwani neno madivelopa mle linamaanisha yeyote anayechangia kutengeneza kile kinachotolewa kwenye sprinti, sio waandika programu peke yao. BA anaingia humo vizuri tu, hakuna aliyemfukuza.

Haya, tuje kwa upande wa kozi. Kozi nyingi ni za siku mbili tatu, na kinachofundishwa zaidi ni taratibu: stendapu, kile kikao kifupi cha kila siku, ni dakika 15, sprinti isizidi mwezi mmoja, hiki ni kikao cha kuangalia tulichofanya na hiki ni cha kuangalia tulivyofanya, tucheze karata za kukadiria ukubwa wa kazi, stori, yaani hitaji moja la mtumiaji kwa kifupi, inaandikwa "kama fulani, nataka hiki, ili nipate kile". Mtu anarudi kazini Jumatatu, anafungua lile dokumenti lake la kurasa 60, analikata vipande, kila kipande anakibandikia "kama mtumiaji nataka" mbele. Nimeshaona hadi "kama sistimu, nataka kuhifadhi rekodi". Sistimu haitaki kitu jamani. Lile ni dokumenti lilelile la zamani, tofauti ni kwamba sasa limetapakaa kwenye baklogi, ile orodha ya kazi zinazosubiri, na hata kulisoma kwa mfululizo huwezi.

Kitu ambacho BA anahitaji kujifunza upya ni kuchambua kidogokidogo bila kupoteza picha nzima, na hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Chukua kitu cha kawaida, mteja akifuta oda arudishiwe pesa. BA wa zamani atataka kwanza amalize kila hali inayowezekana ndio akabidhi. Kwenye ajaili anatakiwa aulize, kipande gani kidogo kikienda hewani peke yake kinamsaidia mtu? Pengine ni oda ambayo haijatoka stoo, imelipwa kwa njia moja, inafutwa yote. Basi. Anakaa na divelopa na testa wanapitisha mfano: oda ina vitu vitatu, haijatoka, mteja kabonyeza futa, pesa yote inarudi kule ilikotoka na vitu vinarudi kuhesabika stoo. Testa anauliza, na kama kitu kimoja kimeshatoka? Divelopa anauliza, na kama nusu alilipa kwa vocha, tunarudisha vocha au pesa, na vocha yenyewe ikiwa imeisha muda je? Hapo BA mzuri hakimbilii kujibu yote. Lile la kitu kilichotoka anaweka stori ya pili. La vocha analiona lina sheria ya fedha ndani yake, analipeleka kwa mwenye uamuzi leoleo kabla halijawa bomu katikati ya sprinti. Mazungumzo yenyewe nusu saa, na karatasi inayobaki ni mistari kama sita. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa ilani, alishalisema hili mwaka 2001, kwamba stori ni kadi, mazungumzo na uthibitisho, ila kozi nyingi zinakazania kadi kwa sababu kadi ndiyo rahisi kuonyesha kwenye slaidi.

Lakini tusizikandie kozi zote. IIBA, chama cha kimataifa cha wachambuzi wa biashara, wakishirikiana na Agile Alliance walitoa toleo la pili la kitabu chao cha nyongeza ya ajaili mwaka 2017, na mle kuna mambo ya maana kuhusu kupanga kwa ngazi, kuanzia mkakati wa kampuni hadi kazi ya wiki hii. BA mwenye miaka mingi kwenye mtindo wa zamani anapoambiwa kila siku kwamba ujuzi wake umepitwa, kozi nzuri inampa lugha ya kusema hapana, kuchora mtiririko wa kazi bado kunahitajika, kuhoji wadau bado kunahitajika, ninachobadilisha ni lini nafanya na kwa kiasi gani. Hiyo peke yake inaweza kumzuia mtu mzuri asiache kazi.

Na kuna hili la madokumenti ambalo kambi ya ajaili yenyewe inalipotosha. Ilani inasema inathamini zaidi programu inayofanya kazi kuliko nyaraka ndefu, ila inamalizia kwa kusema vya upande wa pili navyo vina thamani. Timu inayotengeneza sistimu ya benki au ya hospitali ikija kuulizwa na mkaguzi kwa nini riba inakokotolewa hivi, haiwezi kujibu tuliongea kwenye stendapu. BA afundishwe kipi cha kuandika na kipi cha kuacha: maamuzi na sababu zake, sheria za kukokotoa, maana za data. Picha za skrini ambazo zitabadilika baada ya sprinti mbili, aziache.

Ukiniuliza niegemee wapi, nasema mfundisheni, ila ndani ya timu yake, kwa baklogi yake halisi, prodakti ona akiwa amekaa hapo na divelopa mmoja na testa. Najua udhaifu wake. Mafunzo ya kazini yanategemea kuna mtu anayejua, na timu isiyo na BA mzoefu itarithishana tabia mbovu tu, hapo bora darasa la nje. Tena huwa ni vigumu kumpata prodakti ona kwa nusu siku, atasema hana muda, na kiukweli hana. Lakini asipokuwepo BA atarudi na mbinu mpya kwa watu wanaosubiri dokumenti la zamani, na ndani ya miezi michache watamrudisha kuliandika. Maendeleo nayo yapimwe kwa kuangalia stori ngapi zinakwama katikati ya sprinti kwa swali lililotakiwa kuulizwa mapema, maana alama za mtihani hazitakuonyesha hilo. Na kabla ya kulipa, muulizeni mkufunzi kama yuko tayari kufanya kazi na stori zenu kumi zilizokwama badala ya ule mfano wake wa duka la mtandaoni.