Mvinyo wa Dodoma Usihukumiwe Ukiwa Moto

Duka la mvinyo linaloonjesha wateja kila wiki linafanya kazi ya ualimu, hata kama mwenye duka anaiona kuwa mbinu ya kuuza tu. Mteja akionja Makutupora, mvinyo wa zabibu za Dodoma, iliyomiminwa ovyo, ataondoka akisema mvinyo wa Dodoma unachoma koo, na rafu ile hataisogelea tena. Naamini lawama nyingi za namna hiyo zinamstahili aliyemimina.

Kosa kubwa kuliko yote ni joto. Ile kanuni ya kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumbani ilitoka Ulaya, kwenye nyumba za nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kina nyuzi 30. Hapo alikoholi hufuka upesi na kuiwahi pua kabla ya harufu ya tunda, na mnywaji hasikii kitu ila ukali. Mwekundu umiminwe ukiwa nyuzi 16 mpaka 18, mweupe nyuzi 8 mpaka 12. Jaza ndoo barafu na maji, nusu kwa nusu, uzamishe chupa hadi shingoni: mwekundu utatosha kwa dakika 10 hivi, mweupe zaidi ya 20. Barafu tupu hupoza polepole kwa kuwa kati ya vipande kuna hewa. Friji inataka saa moja na nusu kwa mwekundu na karibu saa tatu kwa mweupe. Lakini usipitilize: mwekundu ukiwa wa baridi kali harufu hufichika na tanini, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, hukausha ulimi. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi wote huu.

Chupa nne zinatosha. Ukimimina mililita 50 kwa kila mtu, chupa ya mililita 750 inagawa watu 15. Alika 12, ili ibaki ya kurudia kwa anayesitasita. Nne hizo ni mililita 200 kwa kila mwonjaji, zaidi ya robo ya chupa, kwa hiyo chombo cha kutemea kiwepo mezani na muuzaji awe wa kwanza kukitumia, wateja wasione haya. Anayeendesha gari ateme kila tone.

Anza na mweupe mkavu, yaani usio na utamu, kisha mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, na mtamu mwisho kabisa. Mvinyo mkavu ukifuata mtamu huonekana mchachu, hata uwe mzuri namna gani.

Kabla ya kumimina, muuzaji anuse kila chupa. Harufu ya kadibodi iliyolowa ni ugonjwa wa kizibo. Hauponi kwa kuacha chupa wazi, basi fungua nyingine. Kizibo kilichosukumwa juu kinaeleza kuwa chupa ilipata joto kali njiani au dirishani. Glasi nazo zisuuzwe kwa maji mengi, maana sabuni na kitambaa chenye uvundo vinaua harufu. Na tafadhali, siku hiyo duka lisifukizwe udi wala kupuliziwa manukato. Mezani pawe na maji na mkate mweupe. Karanga za chumvi na mishikaki ya pilipili visubiri.

Funika chupa kwa karatasi ya kaki, uziandike namba, na bei itajwe mwishoni. Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilo, inafaa sana kwa jaribio hili: weka ya Dodoma, ya Stellenbosch kule Afrika Kusini na ya Vouvray kule Ufaransa, zote kavu. Waonjaji waseme kwanza ipi ina uchachu mkali, ipi ina tunda lililoiva zaidi, ndipo karatasi itoke. Jina la nchi likitangulia, watu huonja jina.

Dodoma ina somo jingine ambalo maduka yetu yanalipuuza. Mzabibu kule haupati majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huuamsha kwa kupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huangukia mvua: ukungu hushambulia na maji huzimua tunda. Ya pili huivia ukavuni, yakiwa na sukari nyingi zaidi. Duka lenye uhusiano mzuri na kiwanda liombe chupa za misimu yote miwili ya aina moja, liziweke ubavu kwa ubavu. Hilo ni jambo la kuonjesha nyumbani kwetu, na sioni sababu ya kuwaachia wageni walitangulie.

Masalio yasingoje wiki ijayo. Yakizibwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, mweupe hudumu siku tatu hivi na mwekundu tatu hadi tano. Kufikia siku ya saba hewa imeshaugeuza kuelekea siki. Wapeni wafanyakazi wa duka kesho yake, waonje wakiwa na daftari, kwa sababu wao ndio wateja wanaowauliza.