Pembe za ndovu zibaki ghalani

Kila baada ya miaka mitatu hivi, nchi zinapokutana kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, hoja ileile huibuka: maghala yamejaa pembe, turuhusiwe kuuza mara moja tu, hela ziende kwenye uhifadhi. Naipinga, na wala sihitaji kumwonea tembo huruma ili niipinge.

Hiyo "mara moja tu" tumeshaiona. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, Tanzania ikiwa mstari wa mbele kuidai marufuku hiyo. Mwaka 2008 Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe zikaruhusiwa kuwauzia China na Japani zaidi ya tani 100. Zote nne ziliambulia kama dola milioni 15. Kwetu Tanzania, tembo waliokadiriwa kuwa 109,000 mwaka 2009 walikutwa 43,000 na ushei sensa ya 2014 ilipofanyika.

Sisemi mnada ule peke yake ndio uliowamaliza. Rushwa ilikuwepo, na waliofumba macho bandarini ni ndugu zetu. Lakini pembe ikishachongwa ikawa bangili, nani atajua imetoka kwa tembo aliyekufa kwa uzee au aliyepigwa risasi katika Pori la Akiba la Selous? Duka lina kibali ukutani, mteja analipa, anaondoka. Soko halali ndilo kichaka cha mwizi. Na katikati ya mauaji hayo, mwaka 2010, serikali yetu ilikwenda kwenye mkutano wa CITES wa Doha kuomba kuuza tani kama 90! Tulinyimwa, na tushukuru. China yenyewe ilikuja kulifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017.

Mkulima wa Tunduru anayekesha akipiga madebe ili tembo wasiingie kwenye mahindi ana haki ya kuniambia nimekaa mjini naongea. Kweli. Shamba la msimu mzima linaisha usiku mmoja, kisha anaanza kufuatilia kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, ofisi hadi ofisi, na kikija hakifikii hata gharama ya mbegu na vibarua. Ila hela ya mnada wa pembe ingepitia ofisi hizohizo kabla ya kumfikia. Wabunge wakitaka cha kurekebisha kwenye sheria za wanyamapori, waanze na viwango vya kifuta jasho na vya kifuta machozi, kile cha aliyejeruhiwa au kufiwa, na muda wa kuvilipa uandikwe kwa siku.