Diploma ya kompyuta ihesabike

California ina vyuo vya jamii 116, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, na nikiulizwa Wamarekani wametuzidi wapi kielimu, navitaja hivyo kabla ya Stanford. Mwenye miaka 18 anapokelewa, hata kama sekondari ilimwendea vibaya. Mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), na wenye kipato kidogo husamehewa. Akimaliza yuniti 60 zinazotakiwa anahamia chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu. Kwetu Tanzania, aliyemaliza diploma ya kompyuta akipata nafasi ya shahada mara nyingi anaanzishwa mwaka wa kwanza, akae tena kufundishwa vitu alivyokwisha kufanyia mtihani na kufaulu. Ada ya mzazi inalipa somo lile lile mara mbili.

Ila msidhani huku California ni mteremko. Sayansi ya kompyuta inagombaniwa sana. University of California, chuo kikuu cha umma chenye kampasi kadhaa, ina mpango wa kumhakikishia nafasi mwanafunzi wa chuo cha jamii aliyetimiza masharti, lakini kampasi za Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Santa Barbara imo, ila kompyuta pale iko chini ya uhandisi, na uhandisi umeachwa nje ya mpango.

Hapa San Diego zipo familia za Kikongo zilizokuja kama wakimbizi, na vijana wao huanzia vyuo hivi. Mmoja, mzaliwa wa Bukavu, aliomba nimwangalizie mambo yake. Tukafungua tovuti ya ASSIST: unachagua chuo ulichopo na unakotaka kwenda, inakuletea safu mbili, masomo yanayotakiwa kule na yanayolingana nayo kwenu. Yeye alikuwa amesoma Python, lugha ya kuandikia programu, na alama nzuri. Safu ya chuo kikuu ilitaka lugha nyingine, Java, pamoja na hisabati za kalkulasi na aljebra ya mstari. Aliisoma mpaka chini, kisha akaniuliza, "Kaka, mbona hakuna mtu aliniambia?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo. Mtoto wa injinia anaambiwa nyumbani wakati wa chakula kwamba kalkulasi inafuatana, ukichelewa ya kwanza zote zinasogea mbele. Huyu wetu mama yake anasafisha hoteli usiku, angemwambia nini? Ndiyo maana naithamini MESA, programu iliyoanzia shule moja ya Oakland mwaka 1970 na sasa iko kwenye vyuo vya jamii vingi. Inampa kijana mshauri, chumba cha kusomea na wenzake, na watu waliokwisha pita njia hiyo.

Wanadiaspora tulio kwenye fani hii tuwafuate vijana hawa kabla hawajajisajili muhula wa kwanza; saa moja ya kukaa naye inatosha kumwokolea mwaka. Na TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu Tanzania, na NACTVET, wasimamizi wa elimu ya ufundi, wakae pamoja watoe jedwali kama la ASSIST, lionyeshe kila somo la diploma ya kompyuta linahesabika kama lipi la shahada, na vyuo vikuu vibanwe kulifuata.