Kagari Kamoja, Washauri Kata Nzima

Mwenzenu nilikosea jambo moja tu: nilisema kwa sauti. Jioni moja pale kijiweni Tegeta, kikombe cha kahawa mkononi, nikaropoka kwamba nimechoka kubanwa mbavu kwenye daladala, nina milioni tisa zangu, natafuta kagari kadogo. Basi! Siku niliyotangaza naoa, watu walisema "hongera" wakaendelea kucheza bao. Siku ya gari, bao lilisimama. Hata yule mzee ambaye huwa haongei alivua miwani.

Shemeji ndiye aliyefungua mkutano. Yeye ni mtu wa Toyota Vitz, tena Vitz ile ya kwanza iliyotoka 1999, yenye spidi ya tarakimu katikati ya dashibodi. "Hiyo mnayoicheka bebi woka," akasema, "Ulaya iliingia kwa jina la Yaris ikabeba Gari Bora la Mwaka 2000! Injini haifiki hata lita moja, shem. Ukiweka mafuta ya elfu kumi, unasahau sheli iko wapi."

Sasa hapo kuna habari hakuisema. Mwezi mmoja kabla tulikwenda naye msibani Goba. Anayeijua Goba anaijua milima yake. Ndani ya Vitz tulikuwa watano, mama mkwe kakaa mbele, nyuma kwenye buti nusu gunia la mchele wa rambirambi. Tulipofika mlimani shemeji akazima AC. Gari ikasogea. Akafunga redio, sijui aliona redio nayo ina uzito. Ikasogea kidogo. Kisha akageuka akatutazama mimi na mdogo wake kwa jicho la nahodha anayetafuta mzigo wa kutupa baharini. "Nyie vijana," akasema taratibu ili mama asisikie, "hamuwezi kunyoosha miguu kidogo?"

Tulinyoosha. Tukafika juu kabla ya gari. Bodaboda aliyepakia godoro la sita kwa sita alitupita wote akapiga honi ya pole.

Lakini tusiidhulumu, inakunywa kwa adabu. Halafu fundi wangu akaingilia kati, akaniharibia usingizi kabisa. "Bosi, unajua pistoni?" Nimeishi miaka arobaini na mbili, nimeoa, nimezaa, sijawahi kuulizwa pistoni. Kumbe ile Vitz ya kwanza ya lita moja ina pistoni nne, iliyofuata 2005 ya lita moja ina tatu. Passo nayo, ya lita moja, tatu. "Siyo mbaya," akasema fundi, "ila ikisimama kwenye foleni inatetemeka kidogo, inakuwa kama ina homa." Tangu siku hiyo kila nikisimama kituoni Mwenge nazitazama gari ndogo zilivyosimama kwenye taa, nazihesabu homa. Mke wangu akaniuliza usiku, "Unawaza nini?" Nikasema pistoni. Akahamia upande wa ukutani.

Nikaona bora niagize mwenyewe Japani. Wale wenzetu gari zao zina ukaguzi wa lazima, ukishapita ule wa kwanza ni kila baada ya miaka 2, na una gharama; mwenye gari akipiga hesabu anaona heri auze, ndiyo maana sisi tunapata. Bei ukiiona mtandaoni unatabasamu peke yako gizani. Ubaya ni pale unapoingiza namba za gari kwenye kikokotoo cha kodi. Ushuru wa forodha, asilimia 25. VAT, 18. Injini ikizidi cc 1000, asilimia 5 nyingine. Halafu inakuja ile yenyewe: gari ikivuka miaka 10, asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake! Sasa mimi niliyeshika hela ya kizee ndiye ninayetozwa uzee. Mwenye hela ya gari jipya pale hasimamishwi. Mtaani wanasema unanunua gari mbili, moja unaiacha bandarini. Nilifunga simu nikaomba maji.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ana Honda Fit, na msema kweli mpenzi wa Mungu, ile gari ina akili. Kiti cha nyuma kinakunjwa kwenda juu kama kiti cha sinema, maana tangi la mafuta wameliweka chini ya viti vya mbele. Nimeona kwa macho yangu akisimamisha humo ndani mche wa mwembe aliotoka nao Kibaha, umesimama wima kama abiria. Ila muulize kuhusu gia boksi. Anashusha sauti. Ya kwake ni CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, inataka oili yake, siyo ile yoyote iliyoko kwenye dumu la fundi, na hiyo oili anaihifadhi chumbani kabatini karibu na vyeti vya ndoa. Ofisini nako kuna kaka wa Mazda Demio, yeye kila asubuhi lazima akukumbushe kwamba 2008 ilikuwa Gari Bora la Mwaka la Dunia. Sawa, kaka. Ila tuzo hainunui bushi.

Kilichonimaliza ubishi ni mtaa wa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea. Jumamosi moja nilimsindikiza jirani Kariakoo kutafuta shokapu za mbele za Fit yake. Kijana wa duka la kwanza akauliza mwaka. Wa pili akataka namba ya chesisi. Wa tatu akapiga simu, akasema kuna mtu Ilala anazo, tusubiri. Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Akaja bwana mmoja, kanzu nyeupe, hata hajavuka mtaro: "Shokapu IST." Hakusema "habari". Vijana watatu walichomoka kama wamefyatuliwa! Wakarudi na orijino, na ya Taiwan, na ya Kichina, na wa mwisho kabisa akaja polepole amekumbatia mtumba kutoka Japani, umefungwa gazeti lenye maandishi yao, anaufuta kwa kitambaa. Na bei ya mtumba ilikuwa juu ya mbili kati ya zile mpya. Bwana wa kanzu akanusa mtumba, akalipa, akaondoka. Sisi tupo kwenye ndoo.

Nikasema moyoni, kumbe Dar hununui gari. Unanunua vijana wa kukukimbilia.

Basi nikachukua Toyota IST. Dalali wa yadi akaniapia ilikuwa inaendeshwa na dada mmoja wa benki, nyumbani kazini, Jumapili kanisani. Kilometa elfu sitini na nane. Nikaangalia pedeli ya breki: raba imelika mpaka chuma kinang'aa, usukani umekuwa upara. Huyo dada kanisa lake lilikuwa Mwanza? Tukavutana, nikalipa milioni tisa, nikaomba na chenji ya kuweka mafuta nikachekwa.

Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikanisemesha Kijapani. Fundi akasema ni kile kimashine cha kulipia barabara za kwao, analalamika kadi haijawekwa. Kila asubuhi analalamika. Mke wangu anamwita "mwenzangu". Redio nayo imetengenezwa kwa masafa ya kwao, inaishia 90, kwa hiyo nimegeuka mtaalamu wa stesheni mbili. Zingine nazisikia kwa jirani kupitia dirishani.

Hayo yote nayameza. Ninacholalamikia ni hiki: sababu ileile iliyonifanya niinunue ndiyo inayonitesa. Spea zipo kila kona kwa kuwa gari yenyewe ipo kila kona. Nimeshasimama maegesho ya Mlimani City dakika kumi nikichokonoa kitasa cha IST nyeupe, ndani mtoto ananitazama huku analamba aiskrimu. Na tangu teksi za mtandaoni ziingie Dar 2016, madereva nao walipiga hesabu ileile ya Gerezani. Kwa hiyo ukiwa na IST nyeupe mjini hapa, ukisimama tu, umeitika. Nimefunguliwa mlango wa nyuma Sinza, nimefunguliwa Makumbusho, siku moja nilifunguliwa kwenye foleni, gari inatembea. Mwenye Vitz hafanyiwi hivyo. Mwenye Fit anaulizwa kwanza. Mimi watu wanakaa.

Juzi Jumatano, ile ya kwanza ya mwezi ambayo EWURA hutangaza bei mpya za mafuta, nimeegesha Mwenge namsubiri mke wangu atoke sokoni. Taa ya mafuta imewaka tangu Makongo. Mlango wa nyuma, pwaa! Dada na mifuko minne.

"Kaka umechelewa, nimekupigia weee."

"Dada, mimi siyo..."

"Mbezi Beach, si ndiyo? Washa AC basi, naungua."

Nikavuta pumzi nimweleze kuhusu pistoni, kodi, ndoo za Gerezani, kwamba hii ni mali yangu binafsi yenye kadi kwa jina langu. Kabla sijaanza mlango wa mbele ukafunguka, mke wangu akaingia na mchicha. Yule dada akamtazama kisogoni, akanitazama mimi kwenye kioo.

"Kaka, mbona hukusema ni ya kuchangia?"

Mke wangu akageuka akanikodolea macho. Mimi nikatazama taa ya mafuta.

"Elfu nane," nikasema. "Na huyu anashukia Tegeta."