Nilivyoipandisha Náutico Daraja Peke Yangu

Mimi ni Simba. Nasema timu, ile ya Msimbazi, na ukiyasema hayo Temeke hakuna anayekuuliza swali la pili. Kosa langu lilikuwa kuyasema Recife.

Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi huko Brazili, nimepanga chumba mtaa wa Encruzilhada kwa bibi mmoja wa miaka sabini na ushee. Jioni ya kwanza akaniwekea sahani ya muhogo wa kuchemsha na siagi juu. Muhogo! Nilitaka kulia. Mwanawe akaniuliza, kwenu unashabikia nani? Nikakusanya Kireno changu chote nikajibu, "Leão." Simba. Meza ikanyamaza. Bibi akaivuta ile sahani taratibu kuelekea kwake, kama mtu anayemsogeza mtoto mbali na jiko.

Kumbe simba wa Recife ni Sport, wale wa nyekundu na nyeusi. Nyumba ile ni ya Náutico tangu enzi za babu yao, nyekundu na nyeupe, na mnyama wao ni timbu, kijinyama cha usiku kinachofanana na panya aliyelelewa vizuri. Kwa hiyo rangi zangu ziko kwa timbu, jina langu liko kwa mahasimu. Nikakimbilia chumbani, nikarudi na jezi yangu nyekundu na nyeupe, nikaitandaza mezani. Sahani ikarudi. Kuanzia usiku ule nikawa mtu wa Náutico, mpangaji hachagui.

Daraja la pili lao, Série B, msimu huo lilikuwa na timu 22 na nafasi za kupanda mbili tu. Wakachujwa wakabaki wanane, kisha wanne: sisi, Santa Cruz ambao nao ni wa Recife, Portuguesa ya São Paulo, na Grêmio ya Porto Alegre, klabu iliyowahi kubeba ubingwa wa Amerika Kusini mara mbili na sasa iko shimoni pamoja nasi. Jumamosi ya tarehe 26 Novemba mechi za mwisho zikapigwa zote jijini mwetu: Santa na Portuguesa pale Arruda, Náutico na Grêmio kwenye uwanja wetu wa Aflitos. Grêmio sare inawatosha. Sisi ni ushindi au nyumbani. Aflitos, kwa Kiswahili, ni "wenye dhiki". Ningekuwa na akili ningeishia kwenye jina.

Bibi hakwenda uwanjani, ana presha. Alizima redio, akafunga madirisha, akanikabidhi fataki sita. "Mwanangu, wewe una miguu mirefu. Tukipanda, kimbia uje uwashe hapo getini. Tusipopanda, ingia kimya, usinisemeshe. Nitaelewa."

Kipindi cha kwanza tukapata penalti. Ikagonga mlingoti. Tukasema bado mapema. Kipindi cha pili Grêmio wakatolewa mmoja, halafu zikiwa zimebaki kama dakika kumi tukapata penalti nyingine, na hapo mpira ukaisha, ukaanza mkutano wa hadhara. Wachezaji wa Grêmio wakamzonga refa, polisi wakaingia uwanjani, kadi nyekundu zikatoka kama tiketi za daladala. Nikahesabu kwa kidole, nikarudia. Saba. Kipa na watu sita. Mchezo ulisimama zaidi ya dakika ishirini, penalti haijapigwa.

Sasa mtu wa Simba ana ugonjwa mmoja, anaiamini penalti. Sisi mwaka 2003 tulimtoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwao Kairo, kwa mikwaju ya penalti. Kwamba siku ile langoni mwetu alisimama Juma Kaseja, na kwamba kipa naye ni binadamu mwenye mikono na miguu, hilo halikunijia kabisa. Nikapiga hesabu: wao saba, sisi kumi na mmoja, mpira uko kwenye nukta. Nikichelewa nitakwama getini na umati. Nikanunua kikombe cha caldinho, ile supu ya maharage wanayouza kwenye kila kona, nikatoka nayo.

Sijamaliza mtaa wa tatu, anga likapasuka. Fataki, honi, watu wanagonga sufuria madirishani. Nikaruka juu, supu yote ikatua kifuani. Imeingia!

Mbele yangu kulikuwa na simu ya mtaani, zile zao zenye kofia kama nusu ganda la yai. Kadi yangu ilikuwa na salio la kumpigia mama Jumapili, nikalitoa sadaka. Saa wala sikuhangaika kuibadili. Recife na sisi tunapishana saa sita kamili, kwa hiyo wao wakisema ni saa tano ya alasiri, Dar kwa Kiswahili ni saa tano hiyohiyo, ila ya usiku. Kaka akapokea akiwa kijiweni. "Tumepanda!" nikapayuka. Nikamsikia akitangaza, na nyuma yake shemeji yetu, ambaye ni Yanga, akiuliza, "Kina nani wamepanda nini?" Salio likakata.

Nilifika getini natweta. Fataki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikata kona ikaingia kwenye kamba ya nguo ya jirani, ikatoboa shuka. Bibi akatoka na kanga yake, yaani bendera ya Náutico kajifunga kiunoni, anacheza, anajipiga ishara ya msalaba, anacheza tena. Jirani akatoka naye, shabiki wa Santa Cruz ambaye hawasalimiani kwa ajili ya mpira, akalia, "Tumepanda!" Bibi akamkumbatia. "Na ninyi pia? Basi Recife nzima imepanda!" Nafasi mbili, timu mbili za mji mmoja, hesabu iligoma kukataa. Hata la shuka jirani hakulitaja.

Tukiwa kwenye duru ya pili ya kucheza nikaona watu wa nyekundu na nyeupe wanakuja kutoka upande wa uwanja. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Mwana wa bibi akafika, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akatazama mabaki ya fataki.

"Mnasherehekea nini?"

Akatusimulia bila kuinua kichwa. Ademar alipiga penalti, kipa Galatto akaitoa kwa miguu. Kona. Dakika haijapita sawasawa, na sisi tukatolewa mmoja kwa kumkata Anderson, kitoto cha miaka 17. Faulo ikaanzwa, kitoto hichohicho kikaondoka na mpira, kikapita, kikafunga. Watu saba wamefunga moja bila. Grêmio bingwa, Santa wa pili.

"Na zile fataki nilizosikia?" nikauliza.

"Za Arruda."

Jirani akaingia kwake kwa adabu, akafunga mlango, kisha tukamsikia anapiga kelele za furaha chini ya mto.

Nilimwangalia bibi nikiwaza presha. Akajifungua bendera, akaikunja mara nne, akasawazisha pembe.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja, bibi."

Akanyoosha kiganja. "Lete hapa, Leão."

Jumatatu nikapata barua pepe ya shemeji. Neno moja tu: "Saba?" Amenisalimia hivyo mpaka leo, hata msibani.

Mwaka 2006 Náutico walipanda kweli, Sport nao wakapanda. Siku hiyo bibi alinipa kazi ya kumenya muhogo, akaniwekea kiti jikoni, akafunga mlango kwa nje. Fataki aliwasha mwenyewe, na mojawapo ilikuwa ile ya mwaka jana. Haikulia.