Kumi na mbili mara nne si sitini

Ukiandikishwa komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili cha hapa Marekani, utaambiwa kwamba mwenye krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula anahesabiwa mwanafunzi wa muda wote. Ukisikia hivyo unashusha pumzi. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, inakuja bila kukatwa, unapanga shifti zako, unapiga simu nyumbani: miaka miwili tu, mama, namaliza. Sasa chukua kalamu. Digrii ya miaka miwili kwa kawaida inataka krediti 60. Mihula minne ya krediti 12 ni 48. Usifeli hata somo moja, usiugue hata siku moja, bado wenzako wakivaa majoho wewe utakuwa unadaiwa muhula mzima.

Mimi hesabu hii niliipiga mwaka wa pili, tena nikiwa kwenye foleni ya kubadilisha somo, nyuma ya risiti ya mafuta ya gari. Sikudanganywa na mtu. Ni vile tu hapakuwa na mtu aliyeona kwamba kuniambia ni kazi yake.

Nayaandika haya kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kwenye harusi na misiba yetu huku Columbus, Ohio. "Bado upo kilekile chuo?" "Yule anasoma chuo kisichoisha." Wanacheka, sahani za pilau mkononi, na aliyeulizwa anacheka nao. Tumeshakubaliana kwamba asiyemaliza ni mvivu, au kanogewa na ovataimu. Wa ovataimu wapo, sikatai. Wapo pia walioacha wakapata leseni ya malori na leo wana nyumba, na siwezi kuwaambia walikosea. Lakini wengi ninaowajua hawakuacha shule. Shule iliwachujachuja mpaka wakaisha.

Takwimu za nchi nzima zinasema hivyohivyo. Karibu wanafunzi 8 kati ya 10 wanaoanzia vyuo hivi husema wanataka kufika digrii ya miaka minne. Wanaofika ndani ya miaka 6 ni kama 16 katika kila 100. (Takwimu zenyewe nazo zina kilema: ukihama baada ya mwaka mmoja ukapata digrii yako chuo kikuu, kwa hesabu ya serikali hukuhitimu pale ulipoanzia.) Huwezi kuniambia watu wote hao ni wavivu. Mtu anayetoka kuogesha wazee saa moja asubuhi na saa tatu yuko darasa la takwimu, macho mekundu, uvivu anaujulia wapi?

Wanachujwaje? Kwanza kuna mtihani wa kukupima unapoingia. Wa kwetu wengi, hasa waliosomea Kifaransa, huangukia kwenye masomo ya matayarisho: unalipia, ruzuku inaliwa, na krediti zake haziingii kwenye digrii. Florida mwaka 2013 na California mwaka 2017 walitunga sheria za kuwaondolea wengi mzigo huo. Halafu kuna kuhama. Mwaka 2017, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu ya jasho, kwa kuwa somo la huku halifanani jina na la kule.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa inajulikana. Vyuo vya jiji la New York, CUNY, vilianza mpango wa ASAP mwaka 2007. Mwanafunzi anatakiwa asome muda wote, na wao wanamlipia pengo la ada, vitabu na kadi ya usafiri, kisha wanampa mshauri mwenye wanafunzi wachache, anayemjua kwa jina na kumuuliza mbona wiki iliyopita hukuja. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka 3, waliohitimu kati ya walio nje walikuwa asilimia 22, na kati ya walio ndani, 40. Wengine wakasema hiyo ni New York. Basi vyuo vitatu vya hapahapa Ohio vikaiga, na matokeo yakawa asilimia 19 kwa 35. Gharama kwa kila mwanafunzi inapanda, kweli, lakini kule New York ukigawa kwa idadi ya digrii zilizopatikana, kila digrii ilitoka kwa bei nafuu zaidi. Sasa niambie kwa nini jambo hili bado ni "mpango maalumu" na si namna ya kawaida ya kuendesha chuo.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Uvira aliniita nimsomee barua ya bima. Katikati ya makaratasi nikaona matokeo yake ya chuo, malezi ya watoto wadogo. Nikajumlisha: krediti 63, masomo yote ya lazima yamo. Alikuwa ameshamaliza miaka miwili nyuma, na muda wote huo akifanya usafi wa ofisi usiku.

"Mama, mbona hukuchukua digrii yako?"

"Miye nilizani wataituma tu ku posta, mwanangu."

Vyuo vingi havikupi digrii kwa kuwa umemaliza masomo. Lazima uombe kuhitimu, kwa fomu, kabla ya tarehe fulani, na barua pepe ya kukumbusha inakwenda kwenye anwani ya chuo ambayo mtu akishamaliza masomo haifungui tena. Kompyuta inayojua kumfungia asiyelipa dola ishirini za maegesho haijui kuhesabu mpaka sitini.

Fomu hiyo tuliijaza mezani kwake, ukurasa mmoja, dakika kumi na moja, chai haijapoa. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kama joho linanunuliwa au linaazimwa, na kama wajukuu wote saba wataruhusiwa kuingia.