Kipimo cha kunusa na Parkinson: kimfae nani Dar?

Mzee wa Kariakoo akilalamika kwamba pilau siku hizi haisikiki iliki, huambiwa ni uzee. Huenda ni uzee kweli. Lakini wagonjwa wengi wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, hupungukiwa uwezo wa kunusa, wengine miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayopokea harufu huathirika mapema. Ndipo lilipotoka wazo la kuwanusisha wazee kliniki ili ugonjwa ugunduliwe mapema.

Mvuto wake naukubali. Kipimo hakihitaji mashine, na muuguzi wa zahanati Mbagala anaweza kukifanya. Tena utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wengi wenye Parkinson hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanaugua.

Shida ni harufu zenyewe. Kipimo maarufu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina harufu 40, zikiwemo za tango la siki na pai ya maboga. Bibi wa Temeke akishindwa kuitambua pai ya maboga, pua yake haina kosa. Mpe karafuu, mchaichai, udi, mafuta ya taa. (Samaki wa Feri ningemwacha, huyo hata mwenye mafua anamsikia.) Na kubadili orodha hakutoshi: lazima kwanza wapimwe wazee wazima wa hapa, ijulikane alama ya kawaida ni ipi.

Lililo zito zaidi ni kwamba pua huharibiwa na mengi: umri, sigara, mafua sugu, kichwa kilichogongwa kwenye ajali ya bodaboda, Uviko-19. Utafiti wa Marekani wa 1984 uliona zaidi ya nusu ya watu wa miaka 65 hadi 80 hawanusi vizuri. Parkinson, hata huko, huwapata takriban 1 kati ya 100 waliovuka miaka 60. Ukipima kila mzee, kwa mgonjwa mmoja utawatia hofu makumi wasio nao. Na huyo mmoja utampa nini? Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hupunguza dalili tu. Dawa ya kuuzuia ugonjwa usiendelee haijapatikana.

Kwa hiyo kipimo hiki nakitaka kwa mwenye ishara nyingine za Parkinson tayari: mkono usiopunga akitembea, mwandiko uliosinyaa, choo kigumu cha muda mrefu, kurusha mateke usingizini. Hapo kitamsaidia daktari kuamua nani awahishwe kwa bingwa wa mishipa ya fahamu Muhimbili. Kuweka meza Sabasaba na kumnusisha kila apitaye, sikuungi mkono.